Kitanda Usichokilalia

Vitabu vya tiba vinamjua kwa jina moja tu, Berenice. Alikuwa mtoto wa miaka miwili, mwenye homa, katika kijiji cha Lassance, jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, pale daktari kijana Carlos Chagas alipomtoa damu tarehe 14 Aprili 1909 na kuona chini ya hadubini kijidudu chenye mkia kikijipinda kati ya chembe za damu. Tangu mwaka 2020 dunia huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Ugonjwa wa Chagas. Homa ile haikumuua Berenice. Alikua, akazeeka, akavuka miaka sabini bila kupata maradhi ya moyo ambayo yamewamaliza wenzake wengi, ingawa kimelea hakikumtoka mwilini. Mwaka 1962 watafiti walimtoa damu wakaotesha vimelea vyake maabara, na mwaka 1978 wakafanya hivyo tena. Walipovilinganisha vile vya mara ya kwanza na vile vya mara ya pili kwa kuviingiza katika wanyama wa maabara, tabia zao hazikuwa moja. Mwanamke ni yuleyule na jina la ugonjwa ni lilelile, lakini kilichotoka katika damu yake kilitofautiana.

Habari ya namna hii hupita upesi, kwa sababu inaonekana ni mali ya wataalamu. Tumeona tuipe nafasi kwa kuwa inagusa tabia ya binadamu iliyo pana kuliko ugonjwa wowote. Tukishalipa tatizo jina, tunapenda kuamini kwamba tumelijua. Jina hutupumzisha. Huyu ana Chagas, basi. Kipimo cha Chagas ni hiki, dawa yake ni ile, takwimu zake ni hizi. Mamilioni ya watu wanakusanywa chini ya neno moja, kila mmoja akiwa na nyumba yake, damu yake na wadudu wa kuta zake, na sisi tulioko mbali tunaliona hilo neno tu. Je, kulijua jina la ugonjwa wa mtu ndiko kumjua mgonjwa? Na yule ambaye hatujajisumbua kumchunguza, tunaweza kusema kwa dhati kwamba tunamjali?

Ugonjwa wenyewe ni wa watu ambao sauti zao hazifiki mbali. Huenezwa hasa na wadudu wa jamii moja na kunguni, ila hawa ni wakubwa kuliko kunguni mara kadhaa. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo na katika mapaa ya majani, usiku hutoka kuwanyonya damu waliolala. Mdudu akishiba hunya palepale juu ya ngozi. Kimelea kimo katika kinyesi hicho, na mlalaji akijikuna usingizini hukiingiza mwenyewe katika jeraha au jichoni. Pengine jicho moja huvimba, dalili aliyoieleza daktari Cecilio Romaña wa Argentina mwaka 1935. Homa huja ikapita, kisha hufuata kimya cha miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Takriban watu watatu katika kila kumi walioambukizwa huishia na moyo ulioharibika. Wengine umio au utumbo mpana hutanuka hadi chakula kinashindwa kupita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba walioambukizwa ni zaidi ya milioni 6, walio wengi wakiwa Amerika ya Kilatini, na kwamba kila mwaka wanakufa zaidi ya 10,000. Wengi mno kati yao hawajawahi kuambiwa wana nini.

Kimelea hicho, Trypanosoma cruzi, Chagas alikipa jina kwa heshima ya mwalimu wake Oswaldo Cruz. Jina ni moja, lakini ukoo ni mkubwa. Mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kukigawa katika makundi sita ya kinasaba, wakayaita TcI hadi TcVI, na baadaye likaongezeka jingine lililotambuliwa kwa popo. Kundi la kwanza limeenea kutoka kusini mwa Marekani, kupitia Amerika ya Kati, hadi bonde la Amazon na kwingineko. La pili, la tano na la sita huonekana zaidi kwa wagonjwa wa nusu ya kusini ya Amerika ya Kusini, na mawili kati ya hayo, la tano na la sita, ni machotara waliozaliwa na makundi mengine. Kimelea hiki si mgeni huko. Maiti zilizokauka za jangwa la Atacama zimeonyesha kwamba kilikwisha kuwaingia watu wa pwani ile miaka 9,000 iliyopita. Ukoo uliokaa na watu muda wote huo, ukapita katika wanyama wa porini, mbwa, panya na binadamu, utabakije wa aina moja?

Zaidi ya hapo, mtu mmoja anaweza kubeba aina kadhaa kwa wakati mmoja, na aina hizo si lazima zikae mahali pamoja. Watafiti wa Brazil walipochunguza viungo vya wagonjwa wa Chagas, walikuta kwamba vimelea vilivyokuwa katika moyo vinaweza kutofautiana kinasaba na vile vilivyokuwa katika umio wa mgonjwa yuleyule. Kwa hiyo tone la damu lililotolewa kwenye kidole au mkononi haliwezi kuapa kwamba linasema kwa niaba ya mwili mzima.

Hapa pana jambo dogo la maabara linalostahili kutazamwa kwa karibu. Mgonjwa wa siku nyingi huwa na vimelea vichache sana katika damu, vichache kiasi kwamba mara nyingi mtafiti hawezi kuviona moja kwa moja. Kwa muda mrefu njia ya kuvipata ilikuwa kuichukua damu, kuitia katika chupa yenye chakula cha vimelea, na kungoja wiki kadhaa vizaane hadi vitoshe kusomwa. Lakini chupa si mwili wa mtu. Baadhi ya aina hustawi humo upesi, nyingine hudorora zikafa. Mwisho wa kungoja, kinachosomwa ni kile kilichoweza kuishi chupani, nacho huandikwa kuwa ndicho alichonacho mgonjwa. Hakuna aliyedanganya, wala aliyefanya uzembe. Utaratibu wenyewe ndio ulioinua sauti ya baadhi na kuizima ya wengine. Ni mara ngapi mambo ya jamii yetu huendeshwa hivyo? Tunaitisha mkutano, tunasikiliza wanaoweza kusimama na kusema, tunaandika muhtasari, kisha tunauita maoni ya wananchi. Kijidudu cha Amerika ya Kusini kinatukumbusha kuuliza nani hakuweza kuishi katika chupa yetu.

Swali hilo lina uzito wa uhai na kifo linapofika kwenye kipimo. Kwa kuwa vimelea hujificha, ugonjwa wa muda mrefu hupimwa kwa kutafuta kingamwili, yaani alama ambazo kinga ya mwili huziacha baada ya kupambana na adui. Ili kipimo kizitambue alama hizo, lazima kitengenezwe kwa chembechembe za kimelea fulani, cha mahali fulani. Vipimo vingi vilitokana na vimelea vya kusini mwa bara, vikafanya kazi vizuri kwa watu wa huko. Vilipopelekwa kwingine, kwa mfano Mexico na kusini mwa Peru, baadhi yake vilionekana kuwapita watu ambao kweli walikuwa wameambukizwa. Ndiyo sababu moja ya Shirika la Afya Duniani kuagiza kwamba mtu apimwe kwa vipimo viwili vya aina tofauti kabla ya kuhukumiwa kuwa anao au hana. Wahenga wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ni nadra methali kutua juu ya jambo kwa usahihi kama huu. Aliyetengeneza kipimo aliwajua kunguni wa kitanda kimoja. Mkulima wa mbali akajibiwa kwamba yu mzima, akaenda nyumbani akishukuru, na ugonjwa ukaendelea na kazi yake.

Wengi wataona hilo ni kosa dogo la kiufundi litakalosahihishwa, na kweli linaendelea kusahihishwa. Linalotusumbua ni jinsi lilivyo rahisi kulitenda kwa nia njema kabisa. Aliyetengeneza kipimo hakumchukia mtu wa Mexico. Alidhani tu kwamba aliowaona wanatosha kumweleza asiyemwona. Katika ubaya mwingi tunaotendeana, chuki haionekani popote, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona haja ya kuomba radhi. Kuna dhana ya utulivu kwamba wengine ni kama sisi, au kama wale wa karibu nasi, na dhana hiyo inavaa vazi la usawa. Tunasema tumewapa wote kitu kilekile. Lakini je, aliyepewa kitu kilekile amepewa haki ileile?

Dawa nayo ina hadithi yake. Zipo mbili, benznidazoli na nifurtimoksi, zote za zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililowafuatilia wagonjwa 2,854 wa moyo wa Chagas kutoka Argentina, Bolivia, Brazil, Colombia na El Salvador. Kwa jumla, benznidazoli ilipunguza vimelea vilivyoonekana katika damu, lakini haikuzuia moyo uliokwisha kuharibika usizidi kuharibika. Ndani ya jumla hiyo mlikuwa na tofauti: jinsi dawa ilivyoviondoa vimelea katika damu haikuwa sawa nchi hadi nchi. Mwaka 2018 watafiti wengine walionyesha kwamba baadhi ya vimelea, vikiwa ndani ya seli, huacha kuzaliana na hutulia, na dawa ikipita haiviui, baadaye huamka. Hata ndugu wa tumbo moja, basi, hawaendi mwendo mmoja.

Wastani ni chombo chema. Bila wastani hakuna serikali itakayopanga bajeti wala daktari atakayejua aanzie wapi. Lakini hakuna mgonjwa hata mmoja aliye wastani. Anayeingia mlangoni ni mtu, ametoka kijiji fulani, ameng'atwa na wadudu wa kuta fulani, pengine mara nyingi tangu utotoni, na kila mdudu amemwachia alichokuwa nacho. Hekima ya mganga mzuri, tangu zama za babu zetu, ilikuwa katika maswali yake kabla ya kuchuma jani lolote. Umelala wapi? Umekula nini? Nyumbani nani mwingine anaumwa? Maendeleo yametupa mashine nyingi, nayo ni neema; hatujui kama yametuachia subira ya kuuliza.

Hapa Afrika Mashariki tuna sababu ya karibu ya kulielewa jambo hili. Binamu wa kimelea cha Chagas anakaa kwetu: ni yule anayeletwa na mbung'o na kusababisha malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria. Nayo ina sura mbili. Ile ya mashariki humwangusha mtu kwa wiki au miezi; ile ya magharibi humla polepole kwa miaka. Uganda ndiyo nchi iliyojulikana kuwa na zote mbili, moja upande wa kusini mashariki, nyingine upande wa kaskazini magharibi. Chini ya hadubini vimelea vyake havitofautiani, lakini dawa zilitofautiana kwa miongo mingi. Kwa hiyo tabibu wa huko alilazimika kumwuliza mgonjwa ametoka upande gani kabla hajashika sindano. Swali ambalo kwingine lingekuwa la kumjulia mgeni hali tu, pale liliamua atibiweje. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeitokomeza ile ya magharibi kama tatizo la afya ya jamii, na ushindi huo ulijengwa na watu waliokubali kwamba malale ya Arua, kaskazini magharibi, si malale ya Busoga, kusini mashariki.

Wagonjwa wa Chagas wamebeba mzigo wa ziada. Ugonjwa wao ulilazimika kwanza kuthibitisha kwamba upo. Miaka ya 1922 na 1923, katika Akademia ya Taifa ya Tiba huko Rio de Janeiro, baadhi ya madaktari wenye majina walimshambulia Chagas wakidai kwamba ameukuza ugonjwa wa kijiji kimoja ukaonekana kuwa janga la nchi. Alifariki mwaka 1934 kabla mjadala haujatulia, na ilibidi Salvador Mazza wa Argentina azunguke kaskazini mwa nchi yake, akitumia behewa la treni kama maabara, na kukusanya mgonjwa mmoja mmoja hadi ubishi ukaisha. Masikini hudaiwa ushahidi mara mbili. Kwanza athibitishe kwamba anaumwa. Akishaaminiwa, athibitishe kwamba haumwi kama yule jirani aliyekwisha andikwa vitabuni.

Hata hivyo ni lazima tuugeuze mtazamo, maana tofauti nayo ina hila zake. Mwenye mamlaka asiyetaka kutoa kitu anaweza kujificha nyuma ya utata. Atasema vimelea ni vya aina nyingi, utafiti haujakamilika, tusubiri. Na mwenye haraka ya kutabiri ataichukua namba ya kundi akaifanya kuwa hukumu: una aina hii, moyo wako utakufa. Sayansi haijampa ruhusa ya kusema hivyo. Licha ya miaka mingi ya kutafuta, uhusiano kati ya kundi la kimelea na mwisho wa mgonjwa haujanyooka. Mwili wa mtu mwenyewe, kinga yake, kuambukizwa tena na tena, yote yamo. Kuitambua tofauti kusitufanye tuwagawe watu katika mafungu ya waliokwisha kupotea na wenye bahati.

Tena yapo mambo ambayo hayangoji kujua kundi. Mtoto aliyeambukizwa tumboni mwa mama yake, akitibiwa katika mwaka wake wa kwanza, karibu kila mara hupona kabisa. Msichana akitibiwa kabla hajabeba mimba, hatari ya kumwambukiza mwanawe hupungua sana. Damu ikipimwa kabla ya kuongezewa mwingine, mlango mmoja unafungwa. Ukuta ukipigwa plasta na paa likabadilishwa, mdudu anakosa pa kujificha awe amebeba TcI au TcVI. Mwaka 1991 nchi sita za kusini, Argentina, Bolivia, Brazil, Chile, Paraguay na Uruguay, ziliungana kupulizia nyumba dawa na kupima damu, na kufikia 1997 Uruguay ilithibitishwa kuwa imekata maambukizi ya mdudu wake mkuu wa majumbani. Hawakuwa wamekamilisha ramani ya vinasaba. Walikuwa wanajua la kutosha kutenda.

Kwa hiyo uadilifu katika jambo hili unadai vitu viwili ambavyo si rahisi kukaa katika moyo mmoja. Unadai tujue ni wapi watu wote ni sawa, tuwape hapo kilicho chao bila kuwadai maelezo. Na tujue ni wapi wanatofautiana, tusiwalazimishe hapo kuvaa kipimo cha mtu mwingine. Anayejua la kwanza tu atakuwa mkarimu asiyeona. Anayejua la pili tu ataona kila kitu asitoe chochote. Mashuleni tunafundisha watoto kuhesabu na kupanga vitu katika makundi. Ni nani anawafundisha kutambua lini kundi linasaidia na lini linaficha?

Pengine jibu limo katika mwenendo wa Chagas mwenyewe. Alipelekwa Lassance kupambana na malaria iliyokuwa inawaangusha wafanyakazi wa reli, na makazi yake yalikuwa behewa, ndiyo maabara, ndiyo chumba cha kulala. Angeweza kuziita homa zote malaria, akagawa kwinini, akaandika ripoti, na hakuna aliyeko Rio ambaye angemlaumu. Lakini mhandisi wa reli alipomwonyesha wadudu wanaowanyonya watu usiku, hakumjibu kwamba yeye hakuja kwa ajili ya wadudu. Aliwapasua, akatazama matumboni mwao, akaona kisichokuwemo katika vitabu. Alikuwa na jina tayari mkononi, lililotosha, na akakubali kuliweka chini kwa muda. Elimu pekee haimfikishi mtu hapo. Inahitajika tabia: kutokuwa na haraka ya kuwa sahihi, na kuamini kwamba anayelala chini ya paa la majani anaweza kuwa na jambo ambalo daktari bado hajalijua.

Leo mashine za kusoma vinasaba zinazidi kuwa nafuu, na siku zinakuja ambapo aina za vimelea zitasomwa moja kwa moja kutoka katika damu, bila chupa kuchagua kwanza. Hilo ni jema, lakini mashine haichagui kijiji cha kwenda. Watu ndio wanaochagua, na mazoea ya kwenda penye barabara nzuri na hospitali kubwa ni ya kale kuliko mashine zote. Mama wa Gran Chaco, huko Amerika ya Kusini, hana haja ya kungoja ramani ya vinasaba ikamilike ndipo ukuta wake upigwe plasta na mwanawe apimwe. Hayo anayadai leo. Ramani nayo ichorwe, na itakapochorwa, vimelea vya kuta zake viwe na nafasi humo sawa na vya mtu mwingine yeyote.